Baba alinisomesha kwa mali ya mayatima?

Bi Mshauri, asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mzaliwa wa Pemba, upande wa Wete. Kijiji niwie radhi nisikitaje. Ni muuguzi, naishi Unguja na mume wangu na watoto wanne. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nikilikumbuka jambo hili mikono hunitetemeka, na kazi yangu ni ya sindano.

Babu yangu mzaa baba aliweka wakfu mikarafuu 84. Hati yake ni ya 1953, imeandikwa mbele ya kadhi, na inasema mapato yote ni ya mayatima wa kijiji chetu: chakula chao cha Ramadhani, nguo za Sikukuu, na kusomeshwa "hadi wajiweze". Msimamizi ni mwanawe mkubwa, kisha mjukuu mkubwa, hivyo hivyo kizazi kwa kizazi. Baba aliishika kazi hiyo kuanzia 1974 hadi alipofariki Shaaban iliyopita. Kijiji kizima kilimjua kwa uaminifu. Siku ya maziko watu walisimama hadi barabarani.

Sasa msimamizi ni kaka yangu. Yeye ana duka, hana wakati wa hesabu, akaniomba nikija likizo nimtengenezee vitabu. Mama ndiye aliyenipa ufunguo wa kasha la baba. Nikakuta madaftari manane, yameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyozoea, na yananuka karafuu mpaka leo. Kila kitu kimo: frasila za karafuu zilizouzwa, ujira wa wachumaji, kanzu ngapi, viatu jozi ngapi, mpaka sindano na uzi.

Katika daftari la tano, mwaka 1997, nikasoma: "Karadha, frasila 4, safari ya S. na ada." S. ndiye mimi. Mwaka 1998 tena: "Karadha, frasila 5, ada ya S." Ndiyo miaka niliyokuwa chuo cha uuguzi. Mwaka 2001 kuna mstari: "Imerudi frasila moja na nusu." Baada ya hapo sikuona tena kitu.

Bi Mshauri, mimi siku zote niliambiwa ada yangu ilitoka kwa ami yangu wa Maskati, Oman. Hata barua ya shukrani nilimwandikia, naye akajibu kwa dua ndefu isiyotaja pesa. Nilidhani ni unyenyekevu wake.

Kilichonivunja zaidi ni ukurasa huo huo wa 1997, mistari mitatu chini ya jina langu: "B. aombewa nauli na vitabu vya skuli ya Chake. Jawabu: asubiri mavuno." B. nilisoma naye madrasa. Baba yake alizama na dau. Alikuwa akinishinda katika kila kitu, khasa hesabu. Mavuno yale baba hakuandika tena jina lake ila kwenye orodha ya kanzu. B. hakwenda Chake Chake. Leo ni baba wa watoto watano, anavua, na msimu wa karafuu anapanda mikarafuu ile ile ya wakfu kuchuma kwa ujira. Nilipofika msibani alinishika mkono akaniambia, "Marehemu baba yako hakuna Sikukuu aliyonisahau." Nilikwenda chooni nikalia.

Nilimwonesha kaka. Akafunga daftari, akasema baba ana thawabu nyingi kuliko frasila tisa. Ami yetu mdogo, aliyeko kijijini, alikuwa mkali: "Unataka kumfukua maiti? Mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri." Wameniambia nikitaka nitoe sadaka kimya kimya, basi. Nina akiba kidogo, naweza. Lakini kila nikivaa sare yangu najiona nimevaa kanzu ya B. Je, mshahara wangu ni halali? Nimwambie? Nimsitiri baba? Pia katika daftari hilo kuna kurasa mbili zimegandana kwa unyevu. Sijathubutu kuzibandua, nisije nikazichana, au labda naogopa kilichomo.

Swali jingine dogo: kuna watoto watatu kijijini ambao baba yao yuko hai ila amewatelekeza, hajulikani aliko. Kaka anasema si mayatima, wakfu hauwahusu. Ni kweli?

Mwanao, S.


JAWABU

Waaleikumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu S.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako, akupe na wewe subira. Umefiwa na baba, na kabla machozi hayajakauka umefiwa na ile sura yake uliyokuwa nayo moyoni. Huo ni msiba wa pili, na watu hawaujii na sahani ya halua.

Nilivyokufahamu ni hivi. Unaamini baba yako alikula mali ya mayatima kwa ajili yako, kwamba B. alikosa skuli ili wewe usome, na kwamba sasa lazima uchague kati ya heshima ya marehemu na haki ya aliye hai. Kaka na ami wameshachagua. Wewe umebaki njia panda na daftari mkononi.

Kabla ya kuchagua, hebu turudi kwenye daftari. Neno lililoandikwa ni "karadha". Karadha ni mkopo. Mtu anayekula amana haandiki "nimekopa", tena kwa mkono wake, kwenye daftari analojua siku moja litasomwa na mtoto wake. Tazama pia kwamba hakuandika shilingi, aliandika frasila. Miaka ile ya 90 karafuu ilikuwa imeanguka vibaya, Indonesia waliokuwa wateja wakubwa wakilima yao wenyewe, na shilingi kila mwaka ilikuwa ikipungua nguvu. Angeandika deni kwa shilingi, leo lingelipwa kwa nauli ya daladala. Frasila moja ni kama kilo 16. Zilizobaki saba na nusu ni kilo 120, na kwa bei wanayonunulia ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni. Aliyeandika vile alikuwa akiwalinda mayatima na yeye mwenyewe. Halafu akarudisha moja na nusu. Umeupita mstari huo haraka sana, mwanangu.

Lakini sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuambia pesa ni za ami yako wa Maskati, na hazikuwa zake. Ungekuwa mkopo wa wazi, angeusema, angalau kwa mashahidi wawili. Qur-ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, inamwambia msimamizi wa mali ya yatima akiwa tajiri ajizuie, akiwa fukara ale kwa kiasi kinachokubalika, na siku ya kuwakabidhi mali yao aweke mashahidi. Aya ya 10 unaijua, inayosema wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Katika wakfu pia, Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar na Mtume (SAW) akamwelekeza alizuie lenyewe na kuyatoa matunda yake, sharti liliruhusu anayelisimamia ale kwa wema, bila kujilimbikizia. Je, kukopa ada ya binti kunaingia katika "kula kwa wema"? Wapo watakaosema msimamizi hana ruhusa ya kujikopesha mali aliyoaminiwa. Wapo watakaouliza hali yake ilikuwaje siku ile, na kama alikuwa na uwezo wa kulipa. Mimi si kadhi, na swali hilo halihukumiwi gazetini. Ninalokuomba ni usimhukumu wewe pia, usiku, peke yako, kwa mistari mitatu.

Sasa B. Hapa ndipo penye uzito, nami naona umeyafunga madeni mawili katika kitita kimoja. Frasila saba na nusu si za B. Ni za wakfu, na wakfu hauna mtu mmoja. Walizikosa mayatima wote wa miaka ile, na zikirudi watazipata mayatima wa leo ambao wengine hawakuwa wamezaliwa. Cha B. ni kingine kabisa: ni lile "asubiri mavuno" na mavuno yakaja bila jina lake. Hilo halipimwi kwa mizani. Wala hujui kwa nini halikutimia. Huenda ni kwa ajili yako. Huenda mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, na wewe unajua mikarafuu hukaa misimu ikazaa kidogo. Huenda mama yake B. alimhitaji baharini. Umejenga nyumba nzima, kuta na paa, juu ya mistari mitatu. Inaweza kuwa nyumba ya kweli. Bado haijathibiti.

Kuna mtu mmoja katika barua yako ambaye hukumuuliza lolote. Kaka umemuuliza, ami umemuuliza, mimi mgeni umeniuliza. Mama yako je? Yeye ndiye aliyekupa ufunguo wa kasha. Hakumpa kaka yako, ambaye ndiye msimamizi. Amekaa na madaftari yale miaka yote, ndani ya chumba anacholala. Sisemi anajua. Nasema mwanamke wa Kipemba aliyemfungia mumewe safari ya binti yao kwenda chuo, akamkunjia nguo sandukuni, hakosi kujua nauli ilitoka wapi. Huenda anasubiri uulize. Hatari ipo pia: ni mzee, ana majonzi, na huenda alimuahidi marehemu kunyamaza. Muulize mkiwa wawili tu, mnachambua mchele au mnasuka nywele, si mbele ya kaka. Akikataa kusema, mwache.

Ami yako amekusomea hadithi ya sitara, na ni hadithi sahihi. Lakini iko na nyingine karibu yake. Mtume (SAW) aliletewa jeneza akauliza, "Ana deni?" Alipoambiwa ndiyo, akawaambia Masahaba wamsalie wenzao, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake, ndipo akamsalia. Hakuna aliyesema pale kwamba kuuliza deni ni kumfukua maiti. Kusitiri aibu na kuficha deni ni mambo yanayofanana kwa nje tu. Waweza kulipa deni la mtu bila kuipigia aibu yake ngoma.

Na hapa kuna jambo ambalo naona kaka yako hajalitazama, au amelitazama akafumba macho. Deni la marehemu hutolewa kwenye mali yake kabla ya mirathi kugawiwa. Aya za mirathi zenyewe zinarudia: baada ya wasia au deni. Kama mumeshagawana nyumba, duka au ng'ombe, basi kila mmoja wenu amechukua kidogo kisicho chake, pamoja na mama na thumni yake. Kwa hiyo si deni lako peke yako kwa kuwa ulisoma wewe. Ulikuwa msichana wa miaka 18, ulipanda meli na sanduku, ukaambiwa ni za ami. Mshahara unaoupata kwa jasho lako la zamu za usiku sioni kwa nini uwe haramu. Lakini kwa utulivu wa moyo muulize sheikh unayemwamini, ukimweleza kisa kizima.

Njia zilizo mbele yako nitazitaja kama ninavyoziona, na kila moja ina mwiba wake.

Waweza kutoa kimya kimya, kama walivyokushauri. Mayatima wa leo watavaa na watakula, na hilo si dogo. Lakini pesa hiyo itaingia mkononi mwa kaka ambaye kwa maneno yako hana wakati wa hesabu. Usipoiandika kwenye daftari kuwa ni karadha ya 1997 na 1998 imerudi, itakuwa sadaka yako, na deni la baba litabaki wazi pale pale. Neno "sadaka" wamelichagua wao. Hesabu inataka neno "malipo".

Waweza kuwaita warithi mkakaa. Hapo ndugu wanaweza kukuambia umesoma wewe, lipa wewe. Wanaweza pia kutokuzungumzisha mpaka Sikukuu ya tatu. Wakati mwengine aliyekuwa mkali ndiye anayekuja usiku na bahasha. Kama utakwenda njia hii, usiende na neno "wizi". Nenda na neno la baba mwenyewe, karadha, na uwaoneshe alivyoanza kulipa. Unawaomba wammalizie kazi aliyoianza.

Waweza kwenda kwa kadhi, au kwenye Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Zanzibar ina sheria ya wakfu tangu 1905, na Kamisheni ina sheria yake. Hukuniambia kama mikarafuu ya babu imesajiliwa. Wazee wengi Pemba hawakupenda kusajili. Walikuwa wameshaona ardhi ikibadilisha wenyewe baada ya Mapinduzi ya 1964, wakaona karatasi ya kasha ina usalama kuliko karatasi ya ofisi. Siwalaumu. Lakini wakfu usio na jicho la nje ndio huu: msimamizi mmoja, daftari moja, mkopo ambao hakuna aliyewahi kuuliza. Kusajili kuna gharama yake. Ukoo unaweza kuona umenyang'anywa, kaka yako anaweza kuona umemshitaki, na maamuzi ambayo sasa yanafanyika barazani baada ya Alasiri yatapita kwa watu wasiomjua mtoto gani hana viatu. Kati na kati ipo pia: watu watatu wa kijiji, mmoja wao mwanamke, wakae na kaka yako kila baada ya mavuno wasome daftari kwa sauti. Hilo hamhitaji ruhusa ya mtu, na halimtaji marehemu.

Kumwambia B. ndiko unakokutaka kuliko kote, nimeliona hilo, nami ndilo ninalokuombea upole zaidi. Jiulize: ukishamwambia, nani atapata usingizi? Wewe, bila shaka. Yeye atabaki na nini? Ana miaka karibu 30 akijua kuwa mzee mmoja alimkumbuka kila Sikukuu. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli pia, kanzu zile zimeandikwa kwenye daftari hilo hilo. Kwa upande wa pili, ni mtu mzima. Wewe na mimi tukiamua kwamba hastahimili kujua, tumemfanya tena yatima wa kuamuliwa: asubiri mavuno. Na kijiji ni kijiji, ami yako ana mdomo, siku moja anaweza kulisikia kisimani kwa njia mbaya kuliko kwako. Sijui lipi zito. Ningekuwa wewe ningemtazama kwanza kwa karibu, mtu huyu wa leo, si yule kijana wa hesabu. Ana watoto watano. Wako skuli? Yuko yeyote anayeombewa nauli sasa hivi na kuambiwa asubiri? Wao si mayatima, kwa hiyo wakfu wa babu hauwafiki. Lakini akiba yako unayotaka kuitoa haina sharti la babu.

Swali lako la watoto watatu: kwa maana ya sheria ya dini, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya baleghe, na wanazuoni husema sharti la aliyeweka wakfu hushikwa kama lilivyo. Kaka yako kwenye neno hana kosa. Ila msichoke hapo. Isomeni hati yenyewe upya, mkiwa na mtu anayezijua hati za zamani, maana mara nyingi huwa na mstari wa mwisho kama "na mafukara wa mji" ambao watoto na wajukuu huusahau. Msipouona, watoto hao wana haki kwa baba yao kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, na wana haki kwa majirani. Mtoto aliyetelekezwa njaa yake haijui tofauti.

Nikuulize neno la mwisho, na usinijibu mimi. Unaposema unajiona umevaa kanzu ya B., ni deni unalolihisi, au ni ghadhabu juu ya baba aliyekudanganya kwa mapenzi? Yote mawili yanastahili nafasi. Deni hulipika. Ghadhabu juu ya maiti haina wa kulipa, na isipotajwa kwa jina lake hujivika nguo za deni, ukalipa na kulipa bila kuona limekwisha.

Zile kurasa mbili zilizogandana usizivute kwa kucha. Liache daftari wazi kivulini, mahali penye upepo, si juani kwani wino wa zamani juani hupauka. Siku mbili tatu karatasi ikishakauka vizuri, pitisha kisu chembamba cha mezani taratibu kuanzia kwenye kona. Usiifanye kazi hiyo peke yako usiku. Ikiwezekana, mama akae pembeni yako, na kama herufi zimefifia mwombe asome yeye. Mkono wa mumewe anaujua kuliko wewe.